Kompyuta Itoe, Mtu Ndiye Anyime

Kila baada ya miezi mitatu, katika jengo namba 50 la mtaa wa Rue du Progrès, unaopita ubavuni mwa stesheni ya Gare du Nord jijini Brussels, hufanyika kazi ambayo mwananchi haioni. Makampuni yanayouza umeme na gesi nchini Ubelgiji huwasilisha orodha za wateja wao kwa wizara ya uchumi, yenye makao yake humo. Kompyuta huyalinganisha majina na anuani hizo na rejista ya taifa ya wakazi, kisha na kumbukumbu za hifadhi ya jamii: nani analipwa posho ya ulemavu, nani ni mzee asiye na kipato cha kutosha, nani anasaidiwa na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa. Kaya ikionekana ina mtu wa namna hiyo, kampuni hujulishwa kwamba mteja wake anastahili, bila kuelezwa kwa nini, na ankara zake hutozwa bei ya chini inayopangwa na mamlaka ya udhibiti wa nishati. Mwenyewe hajajaza fomu wala hajapanga foleni. Pengine hata hajui kwamba haki hiyo ipo.

Utaratibu huu umekuwapo tangu mwaka 2010. Serikali ilipoupanua kwa muda, kuanzia Februari 2021 hadi mwisho wa Juni 2023, kwanza kwa sababu ya korona na baadaye kwa sababu bei ya gesi ilikuwa imepaa, karibu kaya moja kati ya tano nchini Ubelgiji ililipa bei hiyo. Wengi wa walioongezwa walipata punguzo bila kuomba. Nauanza mjadala wa kutumia mashine zenye akili serikalini kwa mfano huu kwa makusudi, kwa sababu kwetu mjadala huo huanzia mahali pengine kabisa: roboti, akili mnemba, makarani kupoteza ajira, rushwa kukomeshwa. Swali ninaloliona kuwa kubwa ni jepesi kuliko hayo, nalo huulizwa mara chache: mashine inaruhusiwa kuamua upande upi? Msimamo wangu ni kwamba serikali iiache kompyuta itoe haki bila kusubiri ombi, lakini isiiache kamwe inyime, ikate au idai bila mtu mwenye jina na cheo kulitazama jalada na kuubeba uamuzi huo.

Eneo la Gare du Nord linafaa kufikiria jambo hili kwa sababu dola ya Ubelgiji imejirundika hapo. Wizara ya fedha ina minara yake ya North Galaxy kwenye Boulevard du Roi Albert II. Idara ya shirikisho inayosimamia mifumo ya kidijitali ya serikali, iitwayo BOSA, iko Boulevard Simon Bolivar, na ofisi za Mkoa wa Brussels zimehamia Iris Tower, jirani na stesheni. Minara hii haikuota penye uwanja mtupu. Mpango wa mwaka 1967, ambao watu waliupa jina la Manhattan, ulibomoa mtaa wa watu wa kipato cha chini na kuwahamisha maelfu ya wakazi ili ofisi zijengwe. Na katika moja ya minara hiyo, WTC II, ndimo ilimokuwa idara ya uhamiaji kwa miaka mingi. Mwaka 2015, idara hiyo ilipoweka kikomo cha kuandikisha waomba hifadhi 250 kwa siku, waliobaki walilala kwenye mahema katika bustani ya Parc Maximilien, ng'ambo ya barabara, wakingoja zamu yao. Miongoni mwa wanaoomba hifadhi Ubelgiji wamo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo ya mashariki, na mwaka 2022 Burundi ilikuwa kati ya nchi zilizotoa waombaji wengi zaidi. Mtaa ni ule ule na serikali ni ile ile, ila upande mmoja jalada linamtafuta mtu na upande wa pili mtu analitafuta jalada.

Tofauti hiyo inagharimu watu kiasi gani? Watafiti wa sera za jamii Ulaya wamelichunguza kwa muda mrefu suala la watu kutochukua haki zao, na matokeo yao yanashtua. Msaada wa mwisho kabisa wa Ubelgiji, ule unaotolewa na manispaa kwa asiye na kipato, haupokelewi na sehemu kubwa sana ya wanaostahili. Sababu si uvivu. Wapo wasiojua kama msaada upo, wapo wanaoona haya kuingia ofisi ambayo jirani anaijua ni ya nini, wapo walioshindwa na Kifaransa au Kiholanzi cha fomu, na wapo waliowahi kukataliwa mara moja wakakata tamaa. Ubelgiji yenyewe imetupa kipimo cha kulinganishia. Punguzo la simu na intaneti kwa wenye kipato kidogo halikuunganishwa na utaratibu wa Rue du Progrès. Mtu hulazimika kuliomba. Wanaolipata ni wachache mno wakilinganishwa na wanaopata punguzo la umeme, ingawa ni watu wa hali ile ile na mara nyingi wa nyumba ile ile. Fomu haichagui anayehitaji zaidi, huchagua anayejua kujaza fomu.

Kilichowezesha punguzo la umeme kutolewa bila fomu ni kazi iliyotangulia kwa miaka 20. Sheria ya Januari 1990 iliunda taasisi iitwayo Banque-Carrefour de la Sécurité Sociale, ambayo Frank Robben aliiongoza kwa miongo kadhaa. Jina lake linapotosha kidogo, maana si benki ya fedha wala si ghala la taarifa. Ni njia panda. Kila taasisi, iwe mfuko wa afya, mfuko wa pensheni au idara ya ajira, hubaki na mafaili yake. Njia panda inajua tu ni nani ana faili gani juu ya nani, na inasafirisha jibu kutoka kwa aliye nalo hadi kwa anayeruhusiwa kulipata. Kila mkazi hutambulika kwa namba moja yenye tarakimu 11, zinazoanza na tarehe yake ya kuzaliwa na kumalizikia na tarakimu mbili za kuhakiki, ili aliyekosea kuandika agundulike papo hapo. Ujumbe unaopita kwenye mtandao huu kwa mwaka mmoja umezidi bilioni moja. Ruhusa ya kila aina ya taarifa hutolewa mapema na kamati ya usalama wa taarifa, na ndiyo maana kampuni ya umeme inapata jibu la kustahili au kutostahili, haipati habari za ulemavu wa mteja.

Msomaji anayefuatilia teknolojia atasema hapa hakuna akili yoyote: ni kulinganisha orodha mbili, kazi ambayo kompyuta za miaka ya sabini zingeiweza. Ni kweli. Nami nasema hapo ndipo penye somo. Akili iko kwenye sheria iliyoandikwa kwa uwazi kiasi kwamba mashine inaweza kuifuata bila kukisia: ukiwa katika kundi hili, unapata, usipokuwamo, hupati. Serikali nyingi zinanunua mashine za kukisia kabla ya kumaliza kazi ya kuandika sheria isiyohitaji kukisia. Hata hivyo mashine zinazojifunza zenyewe zina nafasi yake. Wakala wa ajira wa Flanders, VDAB, tangu mwaka 2018 umekuwa ukitumia modeli inayokadiria uwezekano wa mtu aliyeachishwa kazi kupata nyingine ndani ya miezi sita, ili maofisa wajue wampigie nani simu kwanza. Makadirio yakikosea, mtu amepigiwa simu asiyoihitaji, au amechelewa kupigiwa. Hilo la pili si dogo kwa anayengoja, lakini bado analo dai lake na bado analipwa.

Kuona upande wa pili, safari ni fupi: treni za Rotterdam husimama Gare du Nord. Nchini Uholanzi, mamlaka ya kodi ndiyo iliyokuwa ikilipa ruzuku ya malezi ya watoto kwa wazazi wanaofanya kazi. Kuanzia mwaka 2013 ilitumia modeli ya kompyuta iliyojifunza yenyewe kuyapa maombi alama za hatari, ili yale yenye alama kubwa yachunguzwe kama udanganyifu. Kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulikuwa moja ya vigezo vilivyoongeza alama. Mzazi aliyekosa saini moja au risiti ndogo alidaiwa kurudisha ruzuku yote ya mwaka mzima, makumi ya maelfu ya euro. Makumi ya maelfu ya familia yaliangukiwa na balaa hilo: nyumba ziliuzwa, ndoa zilivunjika, na watoto zaidi ya elfu moja wa familia hizo waliondolewa makwao kwa amri za ulinzi wa mtoto. Tarehe 15 Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo, na mwishoni mwa mwaka huo huo mamlaka ya kulinda taarifa binafsi iliitoza mamlaka ya kodi faini ya euro milioni 2.75. Watetezi wa mfumo walikuwa na hoja moja ambayo lazima ijibiwe: walisema mashine haikumnyima mtu, ilipanga tu mafaili, na uamuzi ulifanywa na maofisa. Tatizo ni kwamba ofisa alipewa faili lenye alama kubwa bila kuambiwa imetoka wapi. Alianza kazi akiwa ameshaaminishwa kuwa mbele yake yuko mwizi. Mtu wa namna hiyo ni mhuri tu. Nikisema mtu anyime, nina maana ya mtu anayeona sababu, mwenye muda wa kumsikiliza mhusika, na mwenye mamlaka ya kuikatalia mashine.

Kuna ushahidi wa mbali zaidi pia. Australia ilituma madai ya kurudisha fedha kwa watu zaidi ya 400,000 kwa sababu kompyuta iligawa kipato cha mwaka mzima kwa wastani wa wiki mbili mbili, kana kwamba kibarua analipwa sawasawa mwaka mzima. Tume ya uchunguzi ya mwaka 2023 iliuita mpango huo ukatili. Kosa la hesabu hapo lingeweza kugunduliwa na karani yeyote aliyewahi kumfahamu kibarua.

Kwa nini nataka pande hizi mbili zisilingane? Pingamizi la kawaida ni kwamba fedha ni za walipa kodi: mashine ikitoa bila kuombwa, itawapa na wasiostahili, na kuruhusu kosa upande mmoja tu ni upendeleo. Ni kweli ni upendeleo. Lakini makosa hayo mawili hayana uzito sawa. Kaya ikipewa punguzo la umeme kwa robo mwaka isivyostahili, hasara husambaa kwa mamilioni ya watu na hakuna anayelala gizani. Mtu akinyimwa kimakosa, hasara yote humwangukia mmoja, naye ndiye asiye na wakili, asiye na akiba ya kumvusha mwezi, na mara nyingine asiyejua lugha ya barua aliyoandikiwa. Tena kosa la kutoa linaweza kurekebishwa robo inayofuata kwa kuacha kutoa, ilhali aliyehamishwa kwenye nyumba yake hawezi kurudishiwa miaka yake. Anayebuni mfumo wa serikali hana budi kuamua mapema ni kosa lipi atalivumilia, na asipoamua yeye, aliyeuza programu atakuwa ameamua kwa niaba yake.

Ubelgiji haijawa malaika. Taarifa za mita za wateja hao hao zimeunganishwa pia na upelelezi. Sheria ya Mei 2016 inayaelekeza makampuni ya usambazaji kupeleka kwenye ile njia panda taarifa za kaya zinazopokea malipo ya hifadhi ya jamii ambazo matumizi yao ya maji, umeme au gesi yameachana na kawaida kwa asilimia 80 au zaidi, juu au chini. Wazo ni kwamba anayesema anaishi peke yake huku akitumia maji ya watu wanne, au anayedai kuishi mahali ambapo taa haiwashwi, huenda amedanganya kuhusu makazi yake. Huenda pia bomba linavuja, au mama mzee anaogopa kuwasha hita. Taarifa hiyo hupelekwa kwa mkaguzi, nayo peke yake haikati malipo ya mtu. Mimi bado sina raha na sheria hiyo, kwa sababu taarifa iliyotolewa ili kupata nuru sasa inatumika kumnusa mwenye taa, lakini angalau mlango wa mkaguzi umebaki katikati. Sheria ya Ulaya inasimama upande huo pia: kanuni ya kulinda taarifa binafsi inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na kompyuta peke yake, na sheria ya akili mnemba iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 2024 imeweka mifumo ya kupima nani anastahili msaada wa umma katika daraja la hatari kubwa.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema mashine inayotoa nayo hunyima, kimyakimya. Asiyekuwamo kwenye orodha hatapata barua ya kukataliwa, hatapata chochote. Hili halina jibu la mkato. Bei nafuu ya umeme inategemea jina la kwenye mkataba lilingane na la kwenye rejista. Mkataba ukiwa kwa jina la mpwa aliyeshahama, au jina la Kikongo lenye sehemu tatu likiandikwa nusu, kompyuta inapita bila kusimama. Mwenye jengo la nyumba za kijamii linalopashwa joto na tanuri moja la gesi ndiye anayepaswa kuomba kwa niaba ya wapangaji, akisahau wanalipa wao. Na ilipofika Julai 2023, kundi lililoongezwa wakati wa korona lilitolewa, kukawa na ukuta: mwenye posho fulani anapata punguzo lote, mfanyakazi wa mshahara mdogo aliyezidi kidogo hapati hata senti. Ukuta huo uliwekwa na sheria, mashine iliutekeleza kwa uaminifu. Kwa hiyo dirisha la ofisi haliwezi kufungwa. Asiyeonekana na kompyuta lazima awe na mahali pa kwenda na karatasi yake, na Ubelgiji imelihifadhi hilo: mtu huweza kupewa cheti na ofisi ya manispaa akakipeleka mwenyewe kwa kampuni. Januari 2024 bunge la mkoa wa Brussels lilipitisha sheria ya kuhamishia huduma zake mtandaoni, na baada ya maandamano ya vyama vya kutetea wasiojua kusoma na wasio na kompyuta, lililazimika kuandika ndani yake kwamba dirisha, simu na posta vibaki. Hayakuwa madai ya watu wachache. Kwa takwimu za mwaka 2023 Wabelgiji wanne kati ya kumi wenye umri wa miaka 16 hadi 74 walikuwa dhaifu katika mambo ya kidijitali.

Kuhusu makarani, sitakaa sana. Ofisi iliyopunguziwa fomu rahisi inabaki na kesi ngumu, na kesi ngumu zinataka watu wenye ujuzi zaidi. Wizara inayopanga kuwaondoa makarani wote ili kulipia programu imekosea hesabu.

Sasa tugeukie nyumbani, Afrika Mashariki. Itasemwa Ubelgiji ina rejista iliyotulia, na sisi hatuna. Ndiyo, na hilo linaikaza hoja yangu. Rejista ikiwa na mashimo, mashine ya kunyima itayageuza mashimo kuwa hukumu. Kenya imeshaliona hili: maelfu ya raia wa kaskazini mashariki, waliowahi kuandikishwa kama wakimbizi wakati wa njaa ili wapate posho ya chakula, walinyimwa vitambulisho walipofika utu uzima kwa sababu alama za vidole vyao zilikutwa kwenye kanzidata ya wakimbizi. Mwaka 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya nchini humo, SHA, ilianza kuwapima wasio na ajira rasmi kwa maswali ya kompyuta kuhusu nyumba na mali zao ili kukisia wachangie kiasi gani, na malalamiko ya watu maskini kupangiwa michango wasiyoimudu yakafuata. Mashine imepewa kazi ya kudai kabla ya kupewa kazi ya kutoa.

Kazi ya kutoa ipo, inangoja. Zanzibar ilianzisha pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya kupitia Inua Jamii inawalipa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Sharti kuu ni umri, na umri upo kwenye kumbukumbu za vitambulisho vya taifa. Hata hivyo mzee hulazimika kuandikishwa kwanza, kwa sheha au kwa chifu. Kompyuta ingeweza kila mwezi kuwatoa waliotimiza miaka 70, ikawaandikia ujumbe kwamba malipo yameanza na waseme yapelekwe wapi. Sheha angebaki na kazi ya wale ambao tarehe zao zilikisiwa au hazipo kabisa. Upande wa kuondoa ungeachwa kwa miguu ya watu. Wastaafu wetu wanaijua shughuli ya uhakiki: asiyejitokeza kuthibitisha kuwa yu hai huhatarisha malipo yake, ingawa huenda amelazwa, amehamia kwa mwanawe mkoa mwingine, au simu yake imekatika. Mfumo ukimkosa mzee, jambo la kwanza uwe ni kumtumia ofisa wa kata jina na kijiji chake, na malipo yaendelee mpaka ofisa huyo aandike, kwa jina lake mwenyewe, alichokikuta.